Jicho la Wifi

Mama alipoondoka kwenda Hija aliniachia mimi funguo za kabati la vyombo, akamwachia wifi yangu Hajra ua. Ua ndilo lililokuwa zito. Funguo hata mgeni angepewa, lakini lile ua mama alikuja nalo mwenyewe amelipakata, kutoka nyumba ya wageni alikokuwa akipika, siku mama mmoja wa kizungu aliyekuwa akiishi pale alipohama na kumkabidhi. Wakati ule kilikuwa kijiti chenye jani moja ndani ya kopo la rangi. Sasa lina majani mapana kama sinia, yametobokatoboka yenyewe, na kila jani sehemu ni kijani na sehemu nyeupe kama tui. Jina lake ni monstera, ila si zile za kijani tupu zinazopandwa kwenye mahoteli. Hii ya weupe ni adimu. Mwenye kitalu cha maua wa Bunju alipopita kuliona alisema yeye amezoea kuliona kwenye simu tu. Sisi nyumbani tulilipa jina la Bi Harusi.

Mtu atauliza kwa nini binti wa kuzaliwa apewe kabati na mke wa mwana apewe ua. Jibu ni fupi. Mimi nina jicho.

Dunda yote, mtaa wetu hapa Bagamoyo, inajua. Nilipokuwa mdogo nilimsifia mbuzi wa jirani yetu Bi Sabiha, nikasema ana manyoya mazuri, na kesho yake mbuzi akala mfuko wa plastiki akafa. Hakuna aliyeulaumu mfuko. Tangu hapo mashine ya kushona ikiharibika mtaani, watu wanakumbuka kwamba Kuruthumu alipita. Nilipoachika mara ya pili walisema hata ndoa zangu nimezitazama mwenyewe. Mimi nilikuwa nacheka nao, maana anayekaanga vitumbua barazani kila asubuhi hawezi kununiana na wateja. Lakini nilijifunza adabu. Nikiona kitu kizuri, natanguliza Mashaallah kabla ya neno lolote jingine.

Siku mama anaondoka nilisahau. Bi Harusi alikuwa anatoa jani jipya, limejiviringa kama mkeka uliosimamishwa kwenye kona, na weupe wake ulikuwa ukichungulia. Nikasema, jamani, jani hili zuri. Hapo hapo Bi Sabiha akaita kutoka nje anataka vitumbua, nikageuka kwenda kumhudumia, na Mashaallah ikabaki kooni. Hajra alikuwa amesimama karibu, ameshika chupa yake ya kupulizia maji. Alisikia, akaniangalia, akaendelea na kazi yake.

Hajra ni mke wa mdogo wangu Najim. Ni binti wa kijiji cha Saadani, mpole, anasikia kuliko anavyosema, na hilo lilinitia wasiwasi tangu siku alipoingia nyumba ile, maana mtu asiyesema hujui amekuweka wapi moyoni. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita. Ile ya kwanza ilitoka mwaka uliopita, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuigundua na kumwambia amependeza. Hakuwahi kunitupia neno juu ya jambo lile. Nami sikuwahi kulisahau.

Ua lenyewe alilitunza vizuri, lazima niseme. Alikuwa akiangalia video za watunza maua kwenye simu, akajifunza kwamba Bi Harusi ni mti wa kutambaa, unataka nguzo ya kukwea, na nguzo yenyewe ivikwe kitu cha kushika unyevu ili ile mizizi inayoning'inia hewani ipate pa kujishikiza. Kule kwenye video walitumia kitu kama kuvu la msituni ambalo huku halipatikani. Hajra hakuhangaika. Kwao wanafanya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba. Mama yake huyafukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, pale maji yanapokupwa na kujaa, yakilainika anayafukua, anayaponda kwa rungu, anayaanika, kisha anasokota kamba. Akaagiza furushi la usumba ambao haujasokotwa, likaja na basi pamoja na samaki wakavu. Najim akachonga nguzo, Hajra akaivika usumba, akaifunga kwa uzi, na kila asubuhi na jioni akawa anaipulizia maji. Ilipendeza. Nikaisifia nguzo, na safari hii Mashaallah ilitangulia.

Hazikupita siku nyingi, kingo za weupe zikaanza kugeuka kahawia, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Tulidhani ni jua, Hajra akalisogeza mbali na dirisha. Tukadhani ni feni, Najim akaizima sebuleni, watu wakawa wanakaa wanatoka jasho kwa heshima ya ua. Kahawia ikapanda. Lile jani jipya likafunguka nusu likakwama, ncha imekauka. Hajra akazidi kupulizia maji, na kadiri alivyopulizia ndivyo ua lilivyozidi kunyong'onyea.

Mama alikuwa akipiga simu kutoka Makka, na baada ya salamu na habari za joto la kule alikuwa akiuliza Bi Harusi hajambo. Hajra alikuwa akijibu hajambo. Siku moja mama akataka picha, nikamwona Hajra anatafuta kwenye simu picha ile ya zamani, aliyoipiga kabla mama hajaondoka, akaituma hiyo. Nilitaka kumwambia kitu cha kumtuliza, lakini nilijua nikifungua mdomo juu ya lile ua nitakuwa najipeleka mwenyewe mahakamani.

Mahakama ilikuja bila kuitwa. Bi Sabiha aliingia kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akaliona ua, akasimama. Hakuuliza maji wala jua. Aliuliza nani alilisifia. Hajra akageukia chupa yake, mimi nikaangalia sakafu, na Bi Sabiha akapata jibu lake. Kesho yake Bi Sabiha alileta kipande cha kaniki, wakalifunika ua lote kuanzia juu ya nguzo. Maalimu akaitwa akasoma. Jioni yake Najim akanifuata uani, akakuna kichwa kama anavyofanya tangu mtoto akiwa na jambo la aibu, akaniomba kwa muda nipitie mlango wa nyuma.

Sikumjibu vibaya. Nilisema sawa. Lakini niliogopa, na nitasema wazi nilichokuwa naogopa. Nyumba ile ndiyo pekee iliyobaki ya kunipokea hapa duniani. Ua likifa, mama angekuta maiti yake sebuleni na jina langu juu yake. Na nyuma ya ua kulikuwa na mimba. Kama jicho langu limemaliza jani, nani atakubali nilale chumba cha pili na mtoto mchanga? Kati yangu na Hajra mmoja angeondoka, na si mke wa mtu mwenye mimba anayeondolewa. Kilichonikosesha usingizi zaidi ni kwamba sikuwa na hakika kama wanakosea. Nilimkumbuka yule mbuzi. Nikaacha kumwangalia Hajra tumboni. Nikiongea naye nilikuwa naangalia miguu yake, nikaifahamu miguu yake kuliko uso.

Alasiri moja Hajra alikwenda kliniki, Najim yuko kazini, nami nilihitaji sinia kutoka kwenye lile kabati nililoachiwa funguo zake. Kabati liko sebuleni, pembeni ya ua. Niliingia nimeinamisha kichwa kama mtu anayepita mbele ya wakwe. Kaniki ilikuwa imeteleza upande mmoja, imelala sakafuni. Nilifikiri nikiiacha hivyo na mimi ndiye niliyeingia, itasemwa nimelifunua. Nikainama kuiokota, macho chini kabisa nisije nikayaona majani.

Ndiyo sababu nikaona udongo. Wote pale nyumbani walikuwa wakitazama majani. Mimi peke yangu nilikuwa nimekatazwa majani, kwa hiyo niliona chungu na chini ya nguzo. Pembezoni mwa udongo kulikuwa na ukoko mweupe, na usumba wa chini ulikuwa na vumbi jeupe kama umenyunyiziwa unga. Nilidhani ni ukungu. Nikagusa, nikakuta una punje. Mimi ni mpishi, kitu chochote cha unga kikinishika kidoleni kinakwenda mdomoni kabla sijafikiri.

Ilikuwa chumvi. Si chumvi ya dukani, ile ya pwani, yenye uchungu kidogo na harufu ya tope la mikoko. Nikavuta uzi mmoja wa usumba nikaufyonza. Chumvi vilevile. Nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu. Makumbi yale yalikuwa yamelala kwenye maji ya bahari miezi na miezi. Ukisokota kamba ya kitanda au ya chombo, chumvi haina neno, nani atapoteza maji kuusuuza usumba? Lakini Hajra alikuwa anaupulizia asubuhi na jioni, na kila akipulizia chumvi ilikuwa inateremka kwenye mizizi. Maskini Bi Harusi alikuwa ananyweshwa bahari.

Sikusubiri mtu. Nilibeba chungu mpaka uani, nikakata uzi, nikauvua usumba. Mizizi midogo ilikuwa imeshajichomeka ndani yake, mingine ikakatika, nikasikia kila mmoja ulivyokatika. Nikaulaza mti begani, nikaanza kumwagia chungu maji ya bomba, yanatoka chini, namwaga tena. Kaniki iliachwa sakafuni. Mikono yangu ilikuwa tope hadi viwiko.

Hajra aliingia na Bi Sabiha, aliyekuwa amemsindikiza kliniki. Najua walichokiona, kwa sababu hata mimi ningekiona hivyo hivyo. Bi Harusi kavuliwa nguo zote, kalala begani kwa mwenye jicho. Bi Sabiha alisema Subhanallah kwa sauti ya chini, kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachokifanya. Alivuta upande wa kanga yake, akalifunika tumbo la Hajra nisilione.

Nilieleza. Nilisema usumba una chumvi, nikawanyooshea wauonje. Bi Sabiha akaniuliza kama sasa nataka kusema aliyeliua ua ni mama yake Hajra. Sikuwa nimefika huko, lakini kweli maneno yangu yalikuwa yanaelekea huko, na nikaona uso wa Hajra ukijifunga. Alinipokea ule mti, akaurudisha ndani. Usumba nikautundika ukutani, sikujua pengine pa kuuweka.

Najim hakunitukana. Alisema shangazi yetu Mwanajuma wa Lugoba anasumbuliwa na mguu, anahitaji mtu. Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka arobaini ya mtoto ipite, tuone. Mama akirudi nije nimwamkie, halafu nirudi Lugoba. Nilifunga mzigo wangu asubuhi, na kabla ya kutoka nilisimama nje ya mlango wa Hajra.

"Wifi, usiurudishe usumba ule kwenye nguzo," nilisema. "Na mwagilia maji mengi mpaka yatoke chini."

"Safari njema, wifi," alijibu kutoka ndani.

Shangazi Mwanajuma mguu wake ulikuwa mzima kuliko wangu. Alinipokea vizuri, hakuuliza, kwa hiyo nikajua ameshaambiwa. Nyumba yake iko karibu na barabara kuu, malori yanapita mchana kutwa, na mimi nilikuwa nakaa uani nimeupa mgongo uwanja, kwa sababu kulikuwa na kuku mwenye vifaranga na sikutaka kuviona. Siku moja kifaranga kimoja kilikanyagwa na bodaboda. Dereva mwenyewe alishuka akaomba radhi. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele, sikuwa hata nimekiangalia, na bado niliketi pale nikijiuliza kama asubuhi nilipopita sikukitupia jicho.

Kisha Najim akapiga simu ana furaha. Bi Harusi amepona, alisema. Ile kahawia imesimama, na pale chini ya jani lililokwama kumechomoza jani jingine, zima. "Tangu uondoke, dada, lile ua kama limefufuka," alisema. Hakukusudia ubaya. Najim hajawahi kupima neno lake maishani. Nilimwambia Alhamdulillahi, nikakata simu, nikaenda nyuma ya choo cha shangazi nikalia.

Maana ndiyo ilikuwa imekwisha hivyo. Mimi ndiye niliyeitoa chumvi, nikaondoka, na ua likapona nimeshaondoka. Hata kama ningekuwa mimi ndiye Bi Sabiha, ningesema ushahidi umekamilika. Sikuwa na la kujitetea tena, na usiku na mchana nikawa najadiliana na nafsi yangu. Chumvi niliionja, ndiyo. Lakini labda ilikuwa kidogo tu. Labda kilichoondoka Bagamoyo si chumvi, ni mimi.

Mama alirudi. Nilipanda basi la kupitia Msata, nikafika Dunda baraza limejaa wanawake, mikeka imetandikwa mpaka kwenye ngazi, wanapokea maji ya zamzam kwa vikombe vidogo. Nikaamkia, nikaitikiwa, na nikasikia salamu zinavyopungua sauti nilipokuwa nikipita. Mama alinikumbatia muda mrefu, akanitia tende mdomoni kama mtoto. Kisha nikaenda kukaa mlangoni penye viatu, uso chini. Viatu haviharibiki kwa kutazamwa.

Miguu ya Hajra ikaja ikasimama mbele yangu. Niliijua. Ilikuwa imevimba.

"Wifi, njoo ndani," alisema.

Bi Sabiha akauliza kwa upole ananipeleka wapi. Hajra akasema sebuleni kwa Bi Harusi, na kama Bi Sabiha anapenda naye aje. Mama akasimama, akatufuata, na Bi Sabiha nyuma yake.

Sebuleni ua lilikuwa bado limefunikwa kaniki. Lakini macho yangu yalikuwa chini, na chini kulikuwa na kopo la mafuta lenye mrehani. Niliufahamu, Hajra aliupanda mwenyewe alipoolewa, akichuma vijani vyake kutia kwenye nguo. Ulikuwa umekufa. Vijiti vimekauka, na shina lake limezungushiwa usumba wenye vumbi jeupe.

Hajra alieleza pole pole, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Siku niliyoondoka aliutoa usumba pale ukutani nilipoutundika. Ua akalimwagilia maji mengi kama nilivyomwambia. Usumba akauvika mrehani wake, akauweka pale pale pembeni ya ua, akaupulizia maji asubuhi na jioni. Hakumwambia Najim wala mtu yeyote. Alitaka kujua kabla mtoto hajaja, alisema, kwa sababu hakutaka kumlea mtoto wake akimwogopa shangazi yake bure. Siku Najim aliponipigia simu kwa furaha, mrehani ulikuwa umeshaanza kujikunja. Hajra hakumwambia kwa kuwa aliona aibu. Furushi lile alilituma mama yake kwa mapenzi.

"Wewe ulikuwa Lugoba, wifi," alisema. "Mrehani umekufa mbele ya macho yangu mimi. Umeuawa na usumba wa mama yangu."

Alivuta kaniki kutoka kwenye nguzo, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, akamkabidhi Bi Sabiha kwa mikono miwili na kumshukuru kwa kutuazima. Bi Sabiha aliipokea. Akautazama mrehani, akamtazama mama, akasema anakwenda kuangalia wageni kama wamepata zamzam.

"Sasa litazame," Hajra akaniambia.

Sikuweza. Shingo ilikuwa imezoea. Nilisema nitalitazama siku nyingine, likikomaa, likipata nguvu. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Hajra akanishika kidevu, yeye mdogo kwangu, akakiinua kama ninavyoinua cha mtoto nikimfuta mafuta ya kitumbua.

"Siku yangu ikifika nitakwenda na wewe hospitali," alisema. "Wewe ndiye utakayempokea mtoto. Kwa hiyo anza na hili."

Nilisema Mashaallah nikiwa nimefumba macho, kisha nikafumbua. Majani ya zamani yalikuwa na makovu ya kahawia ambayo hayatatoka tena. Lakini jani jipya lilikuwa limefunguka lote, laini, upande kijani na upande mweupe, na halikuwa na doa. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake. Nililitazama mpaka mama aliponiita nikafungue kabati, wageni wanataka sahani.